Uvimbe wa shingo wa mama: wasikate kipande kwanza

Pole dada. Nimekuelewa: uvimbe chini ya taya, hauumi, umekua polepole kwa miaka, ultrasaundi imeonyesha damu nyingi pale mshipa wa karotidi (mshipa mkubwa wa shingoni unaopeleka damu kichwani) unapogawanyika, na sasa madaktari wanataka kukata kipande wapime.

Hapo kwenye kukata ndipo ningewasimamisha. Maelezo yako yanafanana na paraganglioma, uvimbe adimu unaoota kando ya mishipa mikubwa ya shingoni na hata kifuani. Ukichokonolewa unaweza kuvuja damu vibaya. Ombeni kwanza picha ya CT ya mishipa ya damu au ya MRI.

Pia apimwe metanefrini (mabaki ya homoni za aina ya adrenalini), kwenye damu au mkojo wa saa 24. Paraganglioma za shingoni mara nyingi hazitoi homoni hizo, lakini ikitoa, presha inaweza kupaa akiwa kwenye nusukaputi. Kama mama huwa anashikwa na jasho la ghafla na moyo kwenda mbio, mwambieni daktari.

Upasuaji si lazima kesho. Nyingi hazisambai, na mtu mzima anaweza kufuatiliwa kwa picha tu. Mionzi nayo ipo. Mkiamua kupasua, awepo bingwa wa mishipa ya damu, na mumbane kuhusu sauti na kumeza, maana neva za kazi hizo zinapita hapohapo. Akishindwa kupumua, hospitali usiku huohuo.

Nanyi watoto ulizeni kipimo cha jeni, maana uvimbe huu unaweza kurithiwa. Ikiwa hitilafu iko kwenye jeni iitwayo SDHD, aliyeirithi kwa mama kwa kawaida haugui, ila kaka yako akiwa nayo, wanawe wanaweza kuugua.