Kupima msongo kwenye seli za dopamini zilizopandikizwa: kwa anayeanza maabara

Seli ya dopamini iliyopandikizwa haikai kwao. Kwa panya mzima, mwili wa seli uko ubongo wa kati na nyuzi zake ndizo zinazofika striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo wa mbele. Sisi huchukua tishu ya ubongo wa kati ya kijusi cha siku 14 hivi na kuidunga ndani ya striatamu yenyewe, kwa hiyo seli hukosa sehemu kubwa ya neva zinazoziletea habari. Je, mnyama akipata msongo, zitajua?

Kila kitu kinategemea kidonda, yaani kuua kwanza seli za dopamini za panya mwenyewe upande mmoja wa ubongo. Yeyusha 6-hidroksidopamini, sumu inayodungwa kuua seli hizo, kwenye maji ya chumvi yenye asidi askobiki 0.02%, iweke kwenye barafu gizani, na ikigeuka rangi ya kahawia, imwage, imekwisha nguvu. Wiki chache baadaye mpe panya amfetamini (dawa inayotoa dopamini) 5 mg/kg, uhesabu mizunguko kwa dakika 90, maana panya aliyepoteza dopamini upande mmoja hujizungusha. Asiyefikisha wastani wa mizunguko 6 kwa dakika, mwache. Ukishapandikiza, subiri miezi kadhaa ili nyuzi zienee.

Siku ya kupima, mzoeshe panya chombo na mikono yako mapema. Kumshika tu ni msongo, na mlango ukibamizwa utauona kwenye dopamini. Mrija wa daialisisi, unaochukua sampuli za dopamini ndani ya ubongo, uwe umewekwa tangu jana yake. Pitisha kimiminika maikrolita 2 kwa dakika, mwaga ya saa ya kwanza, kisha subiri sampuli tatu mfululizo zisizopishana zaidi ya 10%. Ukimtia msongo kwa kumbana mkia dakika 10, sampuli nayo iwe ya dakika 10. Ya dakika 20 itachanganya mwitikio na utulivu uliofuata, na utaona nusu ya kilichotokea.

Sasa jambo linaloharibu kazi nyingi: asilimia. Upande wenye kidonda bila pandikizi hubaki na dopamini kidogo mno, karibu na kikomo cha mashine. Ikipanda kutoka femtomoli 0.5 hadi 1, umeandika "100%", wakati upande usio na kidonda uliotoka 8 hadi 10 umeandika 25% tu. Andika femtomoli kwanza. Tena usidharau mwitikio mdogo wa pandikizi: katika vipimo vya Abercrombie na wenzake vya 1989, panya wazima waliopigwa shoti mkiani walipandisha dopamini kwa 95% kwenye gamba la mbele la ubongo, lakini 25% tu kwenye striatamu.

Mwishoni pitisha tetrodotoksini, sumu inayozima ishara za neva, maikromola 1 kupitia mrija uleule. Dopamini isiposhuka sana, ulichokuwa unapima ni uvujaji wa tishu iliyojeruhiwa, si neva zinazofanya kazi. Kisha kata ubongo, upake rangi ya tairosini hidroksilazi (kimeng'enya kinachoonyesha seli za dopamini), utazame ncha ya mrija ilikaa wapi. Ikiwa katikati ya pandikizi, umepima miili ya seli. Ikiwa pembeni, umepima nyuzi zilizootea striatamu. Usiwachanganye wanyama hao kwenye wastani mmoja.