Usimfiche mama: yaliyonikuta Nane Nane ya 1998

Usithubutu, mkuu. Nimesoma swali lako mara mbili na mwili umenisisimka. Nane Nane ni keshokutwa, ukoo mzima unakutana kwa mama, kaka yenu dereva wa lori njia ya Kongo hapatikani kwenye simu siku ya tatu sasa na habari za huko si nzuri, na ninyi mmekubaliana mama asiambiwe mpaka wageni waondoke. Halafu unauliza mchango uwe shilingi ngapi kwa kila mmoja, na kama ni sawa kupiga muziki. Hilo la kumficha mama nimeshalifanya mimi. Sikiliza.

Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998, kama saa nne na nusu asubuhi, balozi za Marekani za Nairobi na Dar zililipuliwa kwa kupishana dakika chache. Dar walikufa watu 11, Nairobi zaidi ya 200. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa Nane Nane. Kwetu ni Morogoro, na kwa mama yangu, mkulima tangu utoto, hakukuwa na sikukuu inayoizidi ile.

Kaka yangu alikuwa akifanya kazi Nairobi. Mama alijua yuko viwandani, mbali na katikati ya mji. Kumbe tangu Julai alishahamia ofisi nyingine, ghorofani, karibu kabisa na ile kona ya Moi Avenue na Haile Selassie ulipokuwa ubalozi. Sisi wadogo zake tulijua, mama hakuwa ameambiwa bado. Kwa hiyo aliposikia taarifa ya habari mchana akasema, "Masikini, watoto wa watu," akaendelea kupepeta mchele wa sikukuu.

Jioni tukaitwa kwenye simu ya duka la jirani. Mwenzake kaka alikuwa anapiga kutoka Nairobi: yuko hai, yuko hospitali, macho yameumizwa na vioo. Kama wengi wa siku ile, alisikia mlipuko wa kwanza, mdogo, akaenda dirishani kuchungulia. Ule mkubwa ukamkuta hapo hapo dirishani.

Hapa ndipo shemeji yangu alipojitia mkuu wa ukoo. "Mwacheni mama ale sikukuu yake kwa amani. Ana presha. Tutamwambia Jumapili." Yeye si daktari, wala hajawahi kumpeleka mama kliniki hata siku moja, lakini alilitamka hilo neno presha kama aliyemuuguza miaka. Nina hasira naye mpaka leo na sitaki mtu aniambie alikuwa na nia njema. Alikuwa anaogopa kilio kisiharibu karamu aliyokuwa amewaalikia wakubwa zake wa kazini. Na mimi, mtu mzima wa miaka 27, nikamtii.

Mama alikuwa ameanika mawe ya redio juu ya bati yapate jua, kama tulivyokuwa tukifanya zamani yakiisha nguvu. Asubuhi na mapema nikayachukua, nikayaficha kwenye begi langu la nguo. Akayatafuta, akadhani ni watoto.

Lakini hilo si kubwa. Kubwa ni hili: saa mbili asubuhi tukaitwa tena dukani. Mwenzake kaka alisema mgonjwa anaomba mama aje kwenye simu, amsikie sauti tu. Shemeji alikuwa amesimama pembeni yangu, akaninong'oneza, nami nikasema kama nilivyonong'onezwa: "Mama ameshatoka, ameenda Nane Nane." Mama alikuwa uani, hatua hamsini kutoka pale, anachambua mchele.

Mkuu, yule rafiki alirudi wodini akafikisha ujumbe kama alivyopewa. Kaka alikuwa amefungwa bendeji macho yote mawili. Akalala pale siku mbili akiamini mama ameambiwa, na ameambiwa akaenda kwenye sherehe.

Mchana tukampeleka viwanjani. Alifurahi sana, alicheka na wale vijana wa mabanda ya mifugo, akanunua miche miwili ya michungwa iliyobebeshwa, mmoja wake, mmoja wa kaka akirudi likizo. Tukiwa tunatoka, kijana mmoja wa mtaani kwetu akamshika mkono.

"Pole na matatizo, mama."

"Tumeshapoa, baba," akajibu, akidhani ni pole ya uchovu.

"Madaktari wanasemaje, ni jicho moja au yote?"

Mama akauliza, "La nani?"

Kijana akanyamaza. Mama akaiweka miche chini taratibu, mmoja mmoja, akatuangalia wote. Hakupiga kelele, wala presha haikupanda kama tulivyoambiwa. Alisema tu, "Mlikuwa mnaniangalia ninavyocheka."

Jumapili alfajiri alipanda basi kwenda Nairobi na dada yangu. Mimi alikataa nisimsindikize. Kaka alipoteza jicho la kulia, na mambo ya "ameenda Nane Nane" waliyamaliza wao wawili pale kitandani. Kwangu hayakuisha. Mama alifariki 2013, na kwa miaka 15 yote hiyo kila nikimpigia, baada ya salamu, aliuliza, "Na unachonificha?"

Leo kuna WhatsApp kwenye mkono wa kila mpwa. Siri yenu haifiki hata saa sita mchana. Mwambieni mama kabla sufuria halijainjikwa, tena mwambieni ninyi wenyewe, dada yake akiwa amekaa pembeni yake. Mwambie unachokijua na usichokijua: simu imezimika tangu lini, tajiri wa gari anasemaje, utingo amepatikana au hajapatikana. Akitaka sikukuu iendelee, iendelee. Akitaka watu wakae chini wasome dua, someni dua. Mwenye mtoto ni yeye.

Mama yako huamka saa ngapi? Wangu alikuwa macho tangu saa kumi na moja, na Jumamosi ile nilikaa naye jikoni tangu alfajiri nikimenya vitunguu swaumu, sijasema neno.