Bunduki Haishikwi Kama Jembe

Kila baada ya muda napigiwa simu na kijana anayetaka kuanzisha kikundi cha maigizo kama chetu hapa Morogoro, kisicho cha biashara, chenye michezo mipya badala ya ile ile ya vitabu vya shule. Swali la kwanza huwa moja: hela zinatoka wapi? Nitalijibu, ila kwanza nikusimulie habari ya mzee mmoja.

Mchezo wetu wa tatu ulihusu Vita vya Kagera, vya Tanzania na Uganda ya nduli Idi Amin, na mwandishi nilikuwa mimi. Hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, ile ya uwezo, sababu na nia, naijua kwa kichwa kama mnavyoijua wengi. Basi nikaandika mizinga, nikaandika nduli, nikaandika Kampala inaanguka Aprili 11, 1979, na vijana wetu wanaimba. Siku moja tukamwalika jirani, mzee aliyekwenda vitani akiwa mgambo, aje atazame mazoezi. Kusema kweli nilitaka baraka zake. Maoni sikuyataka.

Alikaa kama dakika kumi. Kijana wetu akaingia jukwaani na bunduki ya mbao, kaishika mbele kwa mikono miwili. Mzee akainuka, akamwendea, akaichukua.

"Mjukuu wangu, bunduki haishikwi kama jembe."

Akamning'inizia begani, kisha akalikandamiza lile bega mpaka likashuka. "Umeingilia Mutukula, sasa unakaribia Masaka, kwa miguu. Bega hili si lako tena. Haya, vuka." Kijana akavuka jukwaa. "Rudi." Akarudi. "Vuka." Mara ya saba au ya nane, kijana anaburuta viatu kwelikweli, wala haigizi, mzee akasema, "Hapo hapo. Sema maneno yako."

Maneno yangu hayakusemeka. Nilikuwa nimempa nusu ukurasa wa uzalendo, na mtu aliyechoka vile hana pumzi ya nusu ukurasa. Akasema mawili matatu, akanyamaza, akanitazama.

Usiku ule nilifuta kurasa tisa za mapigano, zikabaki mbili. Kwa askari wa miguu, vita vile kwa sehemu kubwa vilikuwa kutembea, kulowa na kusubiri. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: mzee asije siku ya onyesho kukalishwa kiti cha mbele na kupigiwa makofi. Aje mchezo ukiwa bado mbichi, wakati kufuta hakujaanza kuuma. Umlipe nauli na posho kama unavyowalipa waigizaji, na isiitwe zawadi.

La pili nililipata kwa aibu. Mlio wa mzinga tuliutengeneza kwa bati, fundi mmoja anajificha nyuma ya pazia na kulipiga kwa rungu. Hatukumwambia mzee. Bati lilipolia, alitoka. Tulimkuta nje chini ya mwembe, kashika shina, anasema alikuwa anakwenda kununua vocha. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Tangu siku hiyo hatuna mlio wa ghafla. Tunatumia ngoma, inaanza chini kabisa inapanda polepole, na mlangoni tunawatangazia watu kabla hawajakaa. Nakuhakikishia ngoma inatisha kuliko bati.

Kisha kuna suala la nani mwenye hadithi. Sisi tulikubaliana kwa maandishi: namsomea muswada wote kwa sauti, na chochote anachotaka kitoke kinatoka, hata kama ni jioni ya kuamkia onyesho. Alitoa kimoja tu, habari ya mwenzake aliyelala Kaboya kule Muleba, walikozikwa wengi wa askari wetu waliouawa. Alisema ile ni ya familia ya marehemu, si yake kuigawa. Ilikuwa sehemu ya mchezo niliyoipenda kuliko zote. Ilitoka.

Sasa hela. Kiingilio chetu ni shilingi 3,000 na hakitoshi hata mafuta ya jenereta. Kinachotulisha ni michezo ya ujumbe: malaria, vyoo, bima ya afya. Fanya hiyo bila kuona haya, kisha weka kando fungu la michezo yako. Ila angalia mkono unaopokea kwake. Mfadhili mmoja alikubali kulipia taa kwa sharti kwamba mwishoni mzee apande jukwaani awaase vijana wawe wazalendo. Tukampelekea mzee ombi. Akajibu, "Mimi nimesema nilichokiona. Hayo mengine akayaseme yeye." Tulionyesha saa tisa alasiri, madirisha wazi, bila taa.

Vibali visikusumbue kichwa, lakini usivikimbie pia. Kikundi kinasajiliwa BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, na tangu sheria ya 1976 mchezo wa jukwaani nao unahitaji kibali kama filamu. Anza mapema, ofisi hazijui kwamba umeshakodi viti.

Na usipange onyesho Julai 25. Mimi nilijiona mjanja, Siku ya Mashujaa na mchezo wa mashujaa. Asubuhi wazee wote walikuwa kwenye sherehe, wamesimama juani na medali zao, na alasiri walikuwa wamelala majumbani. Tuliigiza mbele ya watu kumi na tisa, saba kati yao wakiwa ndugu zangu. Hao kumi na tisa wakacheka pale askari anapolia, kwa sababu wamezoea kwamba mtu akipanda jukwaani anachekesha. Nilitaka kuwanyamazisha. Mwigizaji akaendelea tu kulia, na kicheko kikaisha chenyewe.

Mzee bado anakuja kila Alhamisi. Siku hizi ugomvi wake ni ule mlo wa sehemu ya pili ya mchezo. Anasema kijana anakula ugali kama mgeni wa harusi, anatafuna, anapumzika, anatazama watu. Wiki iliyopita alikuja na bakuli lake mwenyewe kumwonyesha.