Shangazi Akujibu: Nitashukuru Nini na Joto Hili?

Asalaam aleikum Shangazi. Mimi ni dada wa Tanga, niko Muscat kazi za ndani na huu ndo msimu wangu wa kwanza wa joto huku. Shangazi, joto kama hili sijawahi kuona, saa tano asubuhi napanda juu ya paa kuanika nguo, kabla sijamaliza kamba za mwanzo zishakauka, ukifungua bomba la maji ya baridi yanatoka ya kuunguza, usiku AC ya chumba changu inapuliza hewa tu haipoozi na bosi kila siku anasema fundi anakuja. Nimechoka, nalia peke yangu. Adhuhuri naisali ilimradi nitoke kwenye mswala. Nikimpigia mama anasema shukuru mwanangu, wenzio wanaitafuta hiyo nafasi, na kwenye stetasi za watu naona alhamdulillah kwa kila hali ndo kwanza napata hasira. Imani yangu imeisha? Na nitashukuru nini jamani?
Dada wa Tanga, Muscat

Waaleikum salaam mwanangu. Pole sana, tena pole ya mtu aliyekaa huko, manake gharbi ya mwezi wa sita naijua, ule upepo unaotoka jangwani mkavu unakuchoma mpaka macho, halafu ukiingia wa saba na wa nane bahari inaleta unyevu hata kupumua unaona kazi. Hujadeka. Pale Qurayyat, pwani hiyohiyo ukitoka Muscat kwenda kusini, tarehe 26 Juni 2018 zilipita saa 24 nzima joto halijashuka chini ya nyuzi 42.6, yaani hata alfajiri, saa ambayo mtu anategemea apumzike kidogo.

Imani yako haijaisha. Mtu aliyeishiwa imani haandiki barua kuuliza kama imeisha. Nabii Ayubu alimwambia Mola wake wazi kabisa kwamba dhara imempata, Nabii Yaakubu alilia mpaka macho yakawa meupe na akasema anamshtakia Mwenyezi Mungu huzuni yake, na hao ni mitume. Kwahiyo ukimaliza kusali usikimbie, kaa hapohapo kwenye mswala umwambie Mungu kama ulivyoniambia mimi, kwa Kiswahili chako cha Tanga, na hasira uiseme usiifiche. Mama usimkasirikie, yuko mbali, ana hofu juu yako na neno alilonalo ni hilo.

Sasa hiyo adhuhuri. Mtume s.a.w. amesema joto likizidi basi icheleweshwe sala mpaka kupoepoe, hadithi iko kwa Bukhari na kwa Muslim. Muscat adhuhuri inaingia saa sita na dakika chache na wakati wake unaenda mpaka alasiri, zaidi ya saa tisa, sasa wewe kwanini uisali ukiwa umetoka paani jasho linakutiririka? Maliza kazi, oga, kaa kidogo, isali saa nane na kitu ukiwa na akili yako. Mimi naona hapa ndo shukrani inapoanzia, Mungu amekupa nafuu na wewe uipokee. Kwenye Suratun-Nahl aya ya 81 anahesabu neema zake na humo ametaja vivuli na nguo za kutukinga na joto, kwahiyo ukisogea kivulini usijione mvivu.

Na maji usiteseke nayo. Yanachemka kwasababu tanki liko juu ya paa linapigwa jua siku nzima, ila hita iko ndani ya nyumba. Wenyeji wakati wa joto wanaizima hita kabisa, maji yaliyomo yanapoa, halafu wanafungua bomba la upande wa maji ya moto na ndo wanapata ya baridi. Muulize mama mwenye nyumba atakuelewa mara moja. Siku utakayotawadha na maji yale yakakupita usoni na shingoni, alhamdulillah itakutoka yenyewe bila kuhimizwa na stetasi ya mtu.

Nguo anika baada ya magharibi, asubuhi unazikuta kavu. Oman kuanzia Juni mpaka Agosti sheria inakataza kufanyisha watu kazi juani kwenye mijengo na sehemu za nje kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu mchana, basi kama mwanaume wa mjengo anaambiwa apumzike, na wewe paani saa hizo usipande, waambie kwa heshima ila waambie. Na AC idai! Subira si kulala kwenye chumba kinachokuumiza. Kichwa kikigonga, ukasikia kichefuchefu na kizunguzungu, acha kazi ukae penye baridi unywe maji. Ukiona mtu anaongea hovyo au anazimia na mwili unawaka, mmwagieni maji mwili mzima na mpige 9999 hapohapo, msisubiri.

Halafu kuna kitu nataka ukitazame. Mitende ya huko ndo saa hizi inaiva, inaanza tende aina ya naghal, baadaye zinakuja za khunaizi na khalas, na bila joto hilihili linalokuliza haziivi. Omba upewe rutab kutoka kwenye friji, ile tende laini inayoteleza mdomoni, ule pole pole. Na ukiweza, chupa ya maji baridi mpe yule kaka anayepita kuchukua taka. Kwenye hadithi, aliyemnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa dhambi zake, sembuse binadamu mwenzio aliyesimama juani.

*

Shangazi, mimi nafunga mabomba site huku Sohar, Jumatatu na Alhamisi nimezoea kufunga sunna tangu Mombasa. Joto hili niendelee? Naogopa nikiacha nitakuwa nimerudi nyuma.
Fundi

Mwanangu, siku za site acha. Anas, sahaba wa Mtume, amesimulia kwamba walikuwa safarini na Mtume siku ya joto kali, wengine wamefunga wengine hawakufunga, waliofunga wakaanguka kwa uchovu, wasiofunga wakasimamisha mahema wakanywesha wanyama, na Mtume akasema leo wasiofunga wameondoka na thawabu. Kunywa maji hata kabla ya kiu, ukiteleza juu ya ngazi na bomba mkononi anaumia na aliye chini yako. Mungu anaijua nia yako. Ramadhani miaka hii inaangukia kwenye baridi, alhamdulillah, na hizo sunna zako zipeleke siku za off.