Kutoka Dodoma hadi Ruaha: ufuate mto

Wakazi wengi wa Dodoma tukipata wikiendi ndefu, mawazo hukimbilia Arusha au Zanzibar. Mimi nakushauri uelekee kusini. Barabara ya Iringa ni lami, kilomita kama 260, na kwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, unaona Bwawa la Mtera, makumbusho ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na korongo la Isimila. Kinachoviunganisha ni maji ya mto Ruaha. Ukipanga safari kwa kuufuata mto huo, hata siku usiyomwona simba haitakuwa imepotea bure.

Mtera iko karibu nusu ya njia, na wengi huipita mbio wawahi Iringa. Shuka. Maji unayoyaona yamezuiwa kwa ajili ya umeme, wa Mtera kwenyewe na wa bwawa la Kidatu, chini zaidi mtoni. Ukutani pana ulinzi, kwa hiyo kamera iache kwenye begi. Utapiga picha mbele ya safari, ufukweni, kwenye mitumbwi. Halafu kula samaki. Kabla hajaingia kwenye mafuta, muombe mama muuzaji akufunulie mashavu ya perege: yakiwa mekundu, huyo ni wa leo. Ugali, ndimu, pilipili, basi. Mbele kuna kona za Nyang'oro, dereva awe amekula na kupumzika.

Lala Iringa mjini, na ubebe sweta, maana baridi ya kule haina mzaha kwa sisi tuliozoea jua la Dodoma. Asubuhi shika njia ya hifadhini, lakini simama Kalenga, penye makumbusho ya Mkwawa, kando ya mto Ruaha Mdogo. Hapa ndipo palikuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa, ambaye wapiganaji wake waliwashinda Wajerumani Lugalo, Agosti 1891. Ngome ilibomolewa mwaka 1894, naye akapigana porini hadi alipojiua Julai 1898 asikamatwe. Kichwa chake kilichukuliwa. Kurudishwa kwake kuliandikwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, ila fuvu lilifika Kalenga mwaka 1954 tu. Liko pale, ndani ya kioo, na ukilitazama kwa karibu maneno yanakuishia. Usiwe na haraka. Mlipe muongozaji, muulize, msikilize, kwa sababu historia hii anaisimulia kama habari ya ukoo. Ukiwa na nafasi, chepuka Mlambalasi, alikozikwa mwili wake. Ni uelekeo huohuo wa hifadhini.

Sasa Ruaha. Hifadhi hii ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 20,000, kwa hiyo usidhani utaimaliza. Chagua ukanda wa mtoni, karibu na Msembe, yaliko makao makuu ya hifadhi, tulia hapo. Nenda kati ya Juni na Oktoba, majani yakiwa mafupi na wanyama wakiwa wamesogea kwenye maji. Gari liwe la juu. Kama huna, panda basi la kwenda Tungamalenga, kijiji cha jirani na hifadhi, ukodi huko. Mkichanga watu watano, gharama inabebeka. Malipo ya getini si ya fedha taslimu, na kibali kinahesabiwa kwa saa 24, kwa hiyo ukiingia saa tisa alasiri unaipata jioni na pia asubuhi ya kesho yake. Nguo za bluu na nyeusi ziache nyumbani, zinawavuta ndorobo, na hao wanauma juu ya shati.

Muombe muongozaji akupeleke Mwagusi, mto wa mchanga. Tembo anapiga mchanga kwa mguu wa mbele, anautoa kwa mkonga, shimo linajaa maji kidogo kidogo, ndipo anakunywa. Akiondoka, nyani na swala wanakuja kwenye shimo lilelile. Mimi ningeweza kukaa hapo kutwa nzima.

Lakini uangalie na mto wenyewe, Ruaha Mkuu. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Tangu mwaka 1993 sehemu yake ndani ya hifadhi hukauka kiangazi, na viboko wanabanana kwenye madimbwi yaliyobaki. Maji mengi yanachepushwa juu, kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu. Mchele wa Mbarali, huko huko Usangu, tunaula hapa Dodoma, na umeme wa Mtera tunautumia. Jambo hili linatuhusu, na ninatamani kila mzazi ampeleke mwanawe akalione.

Isimila iachie siku ya kurudi. Ni kilomita kama 20 kutoka Iringa, njia ya Mbeya. Nenda mapema jua halijawa kali, uvae viatu vinavyoshika ardhi. Utaziona zana za mawe za binadamu wa kale zikiwa zimelala pale korongoni, na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua na upepo. Usiokote hata kijiwe kimoja. Saa mbili zinatosha, kisha ondoka Iringa kabla ya saa nane mchana, ili kona za Nyang'oro uzishuke kukiwa bado kweupe.