Msichore mstari katikati ya karatasi

Wadogo zangu wa mwaka wa pili, salamu. Wiki hii nimesahihisha insha zenu 43 za swali la Marekani ya 1890 hadi 1920, na 31 kati yake zina mstari uleule katikati. Upande mmoja mageuzi ya ndani: Rais Theodore Roosevelt anabana makampuni hodhi, nyama inakaguliwa, wanawake wanapata kura. Upande wa pili ubeberu: Ufilipino, Kuba, Panama. Pande hizo mbili hazisalimiani. Mtu aliyekuwa mkombozi ukurasa wa pili anageuka mnyang'anyi ukurasa wa tano, na hakuna aliyeshtuka njiani. Ni saa sita usiku, nimeshakunywa chai ya rangi vikombe vinne, na nayaandika haya kabla mapenzi hayajanilainisha nikaanza kugawa maksi za bure.

1. Msianzie 1901. Desa lenu, zile notisi mnazonakiliana, linafungua na Roosevelt kuapishwa Septemba 1901, Rais McKinley akiwa ameuawa kwa risasi Buffalo. Rudini kwenye mdororo wa 1893, viwanda vikifungwa, migomo ikizagaa, wakulima wakilia na riba na nauli za reli. Hofu iliyozaliwa pale ndiyo iliyowafanya watu watake kurekebisha nyumba, na ndiyo iliyowafanya wengine waseme dawa ni masoko ya Asia. Wengi walisema yote mawili kwa pumzi moja.

2. Tumieni kalenda moja. Chukueni mwaka 1902 muuandike mwezi kwa mwezi. Februari, serikali inatangaza kuishtaki Northern Securities, ile kampuni ya mareli ya kina Morgan, tajiri wa benki. Mei, wachimba makaa ya mawe wa Pennsylvania wanagoma. Mwezi huohuo Seneti inaendelea kusikiliza ushahidi wa mateso yaliyofanywa na askari wa Marekani kule Ufilipino. Julai 4, Roosevelt anatangaza kwamba vita vya Ufilipino vimekwisha. Oktoba, anawaita wamiliki wa migodi na viongozi wa wachimbaji mezani, jambo ambalo rais hajawahi kulifanya. Ni rais yuleyule, na hakuwa na kabati mbili za mafaili kichwani.

Halafu fanyeni 1906. Juni 30 anasaini sheria ya ukaguzi wa nyama na sheria ya vyakula na dawa. Septemba anapeleka wanajeshi Kuba, na watakaa huko hadi 1909. Novemba anakwenda Panama mwenyewe, rais wa kwanza kutoka nje ya nchi akiwa madarakani, anapanda mashine ya mvuke ya kuchimbia mfereji na kupigwa picha akiwa kwenye usukani, suti nyeupe, mvua ya Panama ikinyesha. Mwanafunzi akiiweka picha ile karibu na sheria ya nyama ataanza kuona kitu: mtu anayeamini kwamba serikali yenye nguvu, wataalamu na mashine vinaweza kunyoosha chochote, iwe bucha la Chicago au kinamasi cha nchi ya watu.

3. Hili la tatu ni langu. Limenikaa moyoni miaka saba.

Nilipokuwa mwaka wa pili nilikwenda TP, mazoezi ya kufundisha, kwenye sekondari moja, nikapewa kidato cha sita, mada ya kuibuka kwa Marekani kama dola kubwa la kibepari. Mwalimu wa somo alikuwa mgonjwa. Nilikuwa na wiki sita, wanafunzi sitini na kitu wa michepuo ya HGL na HKL, yote yenye Historia, na hamu kubwa ya kupendwa. Nikanunua karatasi ya manila, nikachukua rula na maka pen nyekundu, nikapiga mstari katikati. Kushoto wanamageuzi, kulia mabeberu. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa sentensi niliyoitunga usiku na kuipenda sana: «Marekani ilijisafisha ndani na kujichafua nje.» Darasa zima likainakili. Niliona kalamu zinavyokwenda, nikajisikia mwalimu.

Kosa halikuwa kutokujua, maana ningekuwa nimekosea tu na ningekwisha kusamehewa. Kosa ni kwamba nilijua. Katika kadi zangu za maktaba nilikuwa na kadi mbili zenye jina moja: Albert Beveridge, seneta wa Indiana. Kadi ya kwanza: Januari 1900 anasimama Seneti, akiwa ametoka kuvitembelea visiwa vile mwenyewe, anasema Ufilipino ni ya Marekani milele, kwamba soko la China liko mbele, kwamba Mungu amewateua watu wa asili yake kuitawala dunia. Kadi ya pili: 1906 anabana hadi ukaguzi wa nyama unaingizwa kwenye muswada wa bajeti ya kilimo, na Januari 1907 anasimama tena Seneti, siku tatu, akisoma viapo vya mashahidi kuhusu watoto wanaochambua makaa ya mawe kwa vidole, watoto wa viwanda vya vioo, watoto wa viwanda vya pamba wanaofanya kazi usiku kucha. Anataka sheria ya nchi nzima ikomeshe jambo hilo. Miaka mitano baadaye, 1912, ndiye anayetoa hotuba ya ufunguzi kwenye mkutano mkuu wa chama kipya cha wanamageuzi cha Roosevelt, Chicago.

Nilizishika kadi zile mbili, moja mkono huu na moja mkono huu. Nikaona hazikai kwenye jedwali langu. Nikachukua ya watoto nikaibandika kushoto bila jina lake, nikaandika tu «juhudi za kupinga utumikishwaji wa watoto». Ya Ufilipino nikaibandika kulia, jina likiwepo. Nilimkata mtu vipande viwili ili mstari wangu unyooke. Hakuna aliyenilazimisha, na hakuna aliyeniona.

Mwaka uliofuata nikaipeleka manila ileile kwenye semina chuoni. Nilikuwa nimeikunja vizuri, bado ina vumbi la chaki. Mwalimu wetu, mzee mpole asiyeinua sauti, aliisoma kimya kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza: «Mwanangu, karatasi hii inaitwaje?» Nikamjibu, manila. «Kwa nini?» Sikuwa na jibu. Akasema karatasi za aina hii zamani zilitengenezwa kwa nyuzi za katani ya Manila, mmea wa Ufilipino, na jina likabaki hata nyuzi zilipobadilika. Akagusa upande wa kushoto, wenye kukaguliwa kwa nyama na shule na usafi wa miji, akasema: «Hata huku umeandikia juu ya Manila.»

Halafu akaanza kuuliza, taratibu. Nani alichora ramani ya kuipanga upya Manila mwaka 1905? Daniel Burnham. Na mpango maarufu wa Chicago wa 1909? Burnham. Nani alikuwa gavana wa kwanza wa kiraia Ufilipino, 1901? Taft. Na rais ambaye serikali yake ilifungua kesi nyingi za ukiritimba kuliko ya Roosevelt? Taft. Kasumba ilipigwa marufuku wapi kwanza, Ufilipino au Marekani kwenyewe? Kongresi ilipitisha ya Ufilipino 1905. Sheria ya Harrison ya kuidhibiti nyumbani ikaja 1914. Walimu wa Kimarekani wapatao 500 walioshuka Manila kutoka meli ya Thomas, Agosti 1901, ni wa safu gani ya jedwali lako? Mwisho akauliza kama nimewahi kukutana na jina la Beveridge. Nikasema ndiyo. «Umemweka wapi?» Nikanyamaza. Alielewa, na hakusema neno. Alinirudishia manila yangu, akamwita anayefuata.

Ningeweza kuandika upya prezentesheni, na niliandika. Lakini wale sitini na kitu walikuwa wameshafanya mtihani wao. Niliandika barua kwa mwalimu wa somo nikamwomba awasomee marekebisho. Alinijibu kwa upole kwamba wameshatawanyika. Na usiku huu, katika insha zenu 43, mbili zina ile sentensi. Neno kwa neno. Marekani ilijisafisha ndani na kujichafua nje. Imetoka kwenye daftari la mtoto mmoja, ikapita kwenye mashine za fotokopi miaka saba, ikanifikia mezani kama maarifa. Nimeikata kwa wino mwekundu, na mkono ulitetemeka. Ni sentensi tamu, ndiyo maana imeishi. Sentensi ikiwa tamu mno, igeuzeni mwone imemficha nani nyuma yake.

Basi mkikutana na jina moja kwenye kadi mbili zisizopatana, hapo ndipo insha yenu inapoanza. Msiitupe kadi.

4. Waliopinga ubeberu hawakuwa kundi moja la watu wema. Mkataba wa Paris, ule uliomaliza vita na Hispania na kuipa Marekani Ufilipino, ulipita Seneti Februari 6, 1899 kwa kura 57 dhidi ya 27, kura moja tu juu ya theluthi mbili, siku mbili baada ya risasi za kwanza kulia nje ya Manila. Angalieni nani walipinga kutwaa visiwa. Andrew Carnegie, ambaye kiwanda chake cha chuma cha Homestead kilivunja mgomo kwa damu 1892. Samuel Gompers wa vyama vya wafanyakazi, aliyeogopa vibarua wa Asia. Ben Tillman, seneta wa South Carolina, aliyejivunia hadharani kuwanyima Weusi kura, na ambaye hakutaka watu wengine wasio weupe ndani ya dola. Na Moorfield Storey, mwanasheria wa Boston, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi. Tillman na Storey wako upande mmoja wa hoja hiyo! Mwanafunzi akinieleza vizuri jambo hilo peke yake, nampa A bila kusita. Jane Addams, mtetezi wa maskini wa Chicago, naye alipinga vita vya Ufilipino, lakini 1912 aliunga mkono jukwaani uteuzi wa Roosevelt, kwenye ilani iliyodai manowari mbili kila mwaka, na kwenye mkutano uliowafungia mlango wajumbe Weusi wa Kusini. Alijua anachokimeza, na kilimuuma.

5. Mkiandika «demokrasia ilipanuka», mniambie kwa nani. Louisiana ilikuwa na wapiga kura Weusi waliojiandikisha 130,334 mwaka 1896; baada ya katiba mpya ya 1898, kufikia 1904 walibaki 1,342. Kipindi hichohicho, kwenye kesi ya Downes dhidi ya Bidwell ya 1901, Mahakama Kuu ikaamua kwamba Puerto Rico ni mali ya Marekani bila kuwa sehemu kamili ya Marekani. Hoja ya Louisiana na hoja ya Puerto Rico ni hoja moja: wapo watu wa kutawaliwa bila kuulizwa. Na mkisherehekea Rekebisho la 19 la katiba, la 1920, lililowapa wanawake kura, kumbukeni wanawake wa Puerto Rico, raia wa Marekani tangu 1917, waliobaki nje ya kura wakati dada zao wa bara wanapanga foleni.

6. Safari ya Roosevelt kwetu. Najua mnaipenda, na mimi naipenda. Alitua Mombasa Aprili 1909, wiki chache tu baada ya kutoka Ikulu, akapanda treni ya Uganda akiwa amekaa mbele kabisa ya kichwa cha treni ili aone wanyama. Lakini insha zenu huishia kwenye simba na vifaru, kama vile aliacha siasa bandarini. Mfuateni hadi mwisho. Machi 1910 yuko Khartoum. Mei 31 yuko ukumbi wa Guildhall, London, anawasifu Waingereza kwa kazi aliyoiona Afrika Mashariki, na kuhusu Misri anawaambia watawale kwelikweli au waondoke. Agosti 31, miezi mitatu kamili baadaye, yuko Osawatomie, Kansas, anatoa moja ya hotuba zake kali kabisa za mageuzi: makampuni yadhibitiwe, kodi ya mapato na ya urithi ipande kwa wenye nacho, watoto wasitumikishwe, mfanyakazi anayeumia kazini alipwe. Ziwekeni hotuba mbili hizo juu ya meza moja. Mtu aliyetaka mfanyakazi wa Kansas apewe haki yake aliiangalia nyanda ya juu ya Kenya akaiona ni nchi ya kufaa walowezi weupe. Babu zetu walikuwa wanaibeba mizigo yake. Hilo ndilo la kuandika, simba wapo siku zote.

7. Vidogo vidogo, kwa haraka. Rekebisho la Seneta Teller ni 1898, la Seneta Platt ni 1901. Wa kwanza aliahidi kutoimeza Kuba, wa pili akaacha mlango wa kuingilia. Kuba haikuwa koloni kisheria, acheni kuiweka pamoja na Guam, kisiwa kilichotwaliwa moja kwa moja. Marekebisho ya katiba ya 16 (kodi ya mapato) na 17 (maseneta kuchaguliwa na wananchi) ni ya 1913. Rais Wilson aliyeleta Benki Kuu Desemba 1913 ndiye aliyepeleka wanamaji Veracruz 1914 na Haiti 1915, na chini yake ofisi za serikali zikatenganishwa kwa rangi. Jina la yule mwanamageuzi wa Wisconsin ni La Follette, si La Folette.

Alhamisi saa nane tuko semina. Kila mtu aje na kadi mbili za mtu mmoja, zisizopatana. Na nyinyi wawili mlioandika ile sentensi, njooni nusu saa kabla, tena msiogope, maksi zenu sijazigusa kwa ajili hiyo. Njooni na hilo desa. Nataka kuona mwandiko wa aliyelinakili, na mniambie linauzwa steshenari ipi.