Kudai mpaka wa kihamba ni kukosa upole?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mjane, niko Machame, Kilimanjaro. Shemeji yangu ameng'oa masale, mimea yetu Wachaga ya kuonyesha mpaka, na kuyapanda hatua nne ndani ya kihamba, shamba la ukoo la nyumbani, alichoniachia marehemu. Nilitaka kwenda baraza la kata. Wazee wa kanisa wakanizuia: Yesu ni mpole na mnyenyekevu, nikishtaki nitakosa raha yake. Nimenyamaza miezi saba, na usingizi sipati. Nakosea?

JIBU: Amina, mama, na pole sana. Hukosei.

Wazee wamekusomea Mathayo 11:29 wakaanzia katikati. Wangeanza mstari wa 20 wangemkuta huyo mpole akiikemea Korazini na Bethsaida waziwazi, kwa majina. Na usiku wa kukamatwa, alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu, hakukaa kimya, aliuliza, "Wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Hakurudisha kofi, lakini kofi hakuliita haki. Sasa huo upole wa kuufunga mdomo wa mjane wameutoa wapi? Na mbona shemeji hajahubiriwa unyenyekevu hata siku moja? Yesu anawajua watu wa namna hiyo: hufunga mizigo mizito, wakawatwika wengine mabegani, wao wenyewe wasiiguse hata kwa kidole (Mathayo 23:4).

Mstari unaofuata, wa 30, Yesu anasema nira yake ni "laini". Neno hilo la Kiyunani, chrestos, ndilo Luka 6:35 linalomwita Mungu "mwema" kwa wasiomshukuru. Nira njema haichubui shingo. Hii uliyovishwa imekuchubua miezi saba, mama, si yake.

Nenda barazani. Kazi yao hapo ni kupatanisha, na kupatanishwa si dhambi. Nenda na mtu anayeukumbuka mpaka wa zamani. Usimtukane shemeji, wala usiwafundishe watoto kumchukia baba yao mdogo; hapo ndipo upole utakapokugharimu, kuliko kunyamaza. Usiku, kabla ya kulala, mtaje kwa jina katika sala, hata kama sauti itakwama. Usingizi unaweza kuchelewa. Usidhani ni imani haba. Mimi mwenyewe nina kesi ya shamba iliyonikesha, na nilikuwa tayari mchungaji.

Siku akija mlangoni na jani la isale mkononi kuomba msamaha, kama tulivyolelewa, mpokee na umpe kiti. Kisha mwende wote wawili mkayarudishe masale mahali pake.